Aliyeingia Mara Mbili kwa Lalla Tifawt

Koplo Jilali alikuwa ameshaimaliza kesi kabla Sajini Yetto hajateremka garini. Alimngojea langoni pa kuba, kitambi mbele, masharubu yamelowa chai ya nanaa, na hata salamu hakuiacha itulie. Wezi ni wawili, alisema. Wameingia usiku, wameuchukua mshipi wa Lalla Tifawt, walii aliyezikwa humo, wakapitia chumbani mwa bibi mlinzi na kutokea mlango wa nyuma. Kilichobaki ni kumpakia bibi mwenyewe garini, kumteremsha mjini, na huko atawataja wenzake.

"Umekunywa chai ngapi, Koplo?" Yetto alimwuliza.

"Mbili."

"Kunywa ya tatu. Mimi naanza mwanzo."

Yetto alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye mwendo wa mtu anayepanda ngazi hata akiwa kwenye tambarare. Alizaliwa upande wa pili wa mlima huohuo, akaletwa kwa Lalla Tifawt mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kutembea. Jilali alikuwa mtu wa Kenitra, mtoto wa bahari, na kila alipopanda huku juu alilalamika kwamba hewa ni nyembamba na mikate ya shayiri ni minene.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kufunga ziara. Mahema yalikuwa yametapakaa mteremkoni mpaka kwenye mierezi, na ndani ya ua wa kuba wanawake walikuwa wameshayazunguka masufuria. Lakini hapakuwa na nyimbo. Siku kama hiyo nyimbo husikika mpaka bondeni, na Yetto alikuwa amepanda barabara nzima bila kusikia hata moja.

Haj Bassou, mwenyekiti wa kamati ya ziara, alikuja mbio kadiri kilemba chake kilivyomruhusu. Alikuwa mtu wa kunyooka, nguo zimepigwa pasi, ndevu zimechongwa. Akaanza kueleza, na Yetto akamwacha aeleze hata yale aliyoyajua. Kwamba mshipi ule wa sufu nyekundu aliufuma Lalla Tifawt kwa mkono wake. Kwamba zamani ulikuwa ukitoka: mwanamke akizidiwa na uchungu wa kuzaa, jamaa zake walikuja kuuazima, akafungwa kiunoni, akajifungua, ukarudishwa. Kwamba kamati iliona unachakaa, mwaka juzi ikanunua sanduku la kioo, ikauweka humo karibu na kaburi, na bibi mlinzi akaapa mbele ya kaburi kwamba mkono wake hautautoa tena kumpa mtu. Sanduku halikuwa na kufuli. Nani angethubutu? Na leo adhuhuri gavana anafika kuuona.

"Sajini, binti yangu," Haj alisema, akiteremsha sauti, "sitaki gavana amkute yule bibi hapa. Mteremshe sasa. Ufunguo wa kuba utakaa na kamati."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na kila aliyekuwa uani alilijua. Ufunguo wa Lalla Tifawt ulishikwa na wanawake wa nyumba moja, mama kwa binti, shangazi kwa mpwa, tangu kuba lilipojengwa. Mlinzi akiteremshwa mlimani na askari, hapandi tena. Bibi Ijja, mlinzi wa sasa, hakuwa na nyumba nyingine duniani. Alizaliwa nyuma ya ukuta ule, na kaburi lake alikuwa ameshalichagua nyuma ya ukuta uleule.

"Nipe mpaka adhuhuri, Haj," Yetto alisema.

"Na usipopata kitu?"

"Nitampakia mimi mwenyewe, na mlango wa gari nitamfungia kwa mkono wangu."

Haj akaridhika. Watu wawili watatu waliokuwa karibu walimtazama Yetto kama mtu aliyemwuza mama yake, lakini yeye alikuwa ameshainama anafungua buti.

Siku ya kufunga ni ya wanawake. Wanaume humsalimia Lalla kutoka ukumbini, hawavuki kizingiti, na ndiyo maana Jilali alizipiga picha nyayo za sakafuni akiwa mlangoni, shingo ndefu kama bata. Yetto aliingia peku. Chini ya ukuta kulikuwa na kibaraza chembamba cha mawe. Akapanda juu yake, mgongo umegusa chokaa, akatambaa pembeni mpaka karibu na kaburi.

Kila mwaka, mkesha wa kufunga, sakafu ya kuba husiribwa upya kwa udongo mweupe wa chemchemi. Bibi Ijja huanza mlangoni, anarudi ndani kwa magoti, mpaka anaishia kwenye kizingiti cha chumba chake kidogo kilicho upande wa kichwa cha kaburi. Hapo huingia kulala, na hakuna mguu unaokanyaga mpaka jua lipande na udongo ukauke. Mwaka huu mguu ulikanyaga. Mistari miwili ya nyayo ilitoka mlangoni, yote miwili vidole vikielekea kwenye kaburi, na yote miwili ilifika kwenye sanduku la kioo. Hapakuwa na hata unyayo mmoja uliouelekea mlango.

Alichutama juu ya kile kibaraza akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akavunja bua la shayiri kutoka kwenye mkeka uliokunjwa pale kibarazani, akalichomeka ndani ya unyayo wa kwanza, kisiginoni, akaweka alama kwa ukucha. Akalichomeka penye vidole. Kisigino kilikuwa kimezama, vidole vimegusa tu. Akaupima mstari wa pili. Huko mambo yalikuwa kinyume: vidole ndivyo vilivyozama, udongo umesukumwa mbele yake kama unga unaosukumwa na kiganja, na kisigino kimekaa juu juu. Tena mstari wa kwanza ulikuwa umenyooka. Wa pili uliyumba, ukaenda kushoto, ukajirudi, kama mwendo wa mtu asiyeona aendako.

Akatafuta miguu ya kushoto. Katika mstari wa kwanza kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa uliopinda kama mundu. Katika mstari wa pili aliinama mpaka pua yake ikakaribia udongo, maana visigino vya huko vilikuwa havikubonyea sana. Ufa ulikuwepo. Mundu uleule.

Alitambaa tena kwenye kibaraza mpaka mlangoni, akatoka kinyumenyume kama alivyofundishwa na mama yake, akageuka alipovuka kizingiti, na hapo akasimama ghafla huku ameshika buti moja, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Bibi Ijja alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na birika la maji, mikono imekauka udongo mweupe mpaka viwikoni, fagio la matete ubavuni. Alikuwa mdogo wa mwili, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Yetto alimbusu bega, akauliza hali, akauliza mbuzi, kisha akauliza kilichomleta.

"Usiku ulisikia mtu, bibi?"

"Nimezeeka, mwanangu. Nasikia ninachojaliwa."

"Mshipi umekupotea vipi?"

"Mimi sijapoteza kitu."

"Na ua huu nani kaufagia?"

"Mimi."

"Kabla ya kuita watu, au baada?"

Bibi aliangalia fagio kana kwamba ndilo lililoulizwa. Yetto hakumkazania. Alisimama akaanza kuuzunguka ua polepole, mikono nyuma, wanawake wa masufuria wakimfuata kwa macho.

Ua ulikuwa haukufagiwa. Ulifagiwa njia tu. Kuanzia mlango wa kuba, kupita kando ya birika, mpaka kwenye lango dogo la mbuzi upande wa chini, fagio lilikuwa limepita mara nyingi, vumbi limelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kwingine kote kulikuwa na majivu, maganda ya vitunguu na kinyesi cha mbuzi cha jana. Nje ya lango dogo palikuwa na jiwe la kupandia nyumbu. Yetto akalipapasa kwa kidole, kisha akakitazama kidole chake: chembe za udongo mweupe.

Alikuwa bado amekiinua kidole alipoitwa na Jilali kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Amekamata mmoja wao.

Aliyekamatwa aliketishwa juu ya gunia la shayiri nyuma ya hema la kamati. Jina lake Serghini, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Marrakesh, viatu vya ngozi ya njano, kucha safi. Alikutwa anamwongoza nyumbu wake mteremkoni kabla ziara haijafungwa, jambo ambalo mgeni wa Lalla hafanyi. Jilali alikuwa ameshamwaga mizigo yake yote chini: mazulia mawili, bizimu ya fedha, kitasa cha mbao cha mlango wa kale. Mshipi haukuwamo.

"Kaficha njiani," Jilali alisema.

Yetto akaketi kwenye gunia la jirani.

"Mbona unaondoka mapema, bwana Serghini?"

"Samli yenu, Sajini. Samli ya miaka saba. Tumbo langu ni la mjini."

"Nasikia juzi uliuliza habari za mshipi."

"Mimi huuliza habari za kila kitu. Hata kofia yako ningeiuliza, kama isingekuwa ya serikali."

"Uliambiwa nini?"

"Kwamba nikiugusa mkono utakauka. Nina mkono mmoja tu wa kuandikia hundi, nikaona niuhifadhi."

Yetto alicheka kidogo, akamwomba avue kiatu cha kushoto. Mguu wake ulikuwa laini, mrefu, hauna ufa. Jilali akasema hilo si neno, huenda alimtuma mtu. Yetto akakubali kwamba huenda. Kisha akamwambia mfanyabiashara aende ukumbini amsalimie Lalla, akirudi ataambiwa kama anaondoka au anabaki.

Serghini akaenda. Alisimama ukumbini kwa heshima zake zote, akainua mikono, akasoma Fatiha, akajipangusa uso. Kisha akageuka, akarudi zake, mgongo wake wote akiuelekeza kaburini. Huko kwenye masufuria vijiko vilisimama. Mama mmoja akawauliza wenzake, si kwa sauti ndogo, yule mgongo kaupeleka kwa nani, kwani Lalla kamwomba.

"Rudishieni mizigo yake," Yetto alisema. "Andika anapokaa, halafu mwache aende na tumbo lake."

Jilali alimfuata mpaka kwenye kivuli cha ukuta, uso umemwiva. Alitaka kujua kama sasa wezi wanaachiwa kwa kuwa wamesoma Fatiha.

"Kitendawili," Yetto alisema.

Jilali akapumua kama ng'ombe. Alikuwa akifanya kazi na Yetto mwaka wa sita sasa, na alijua kwamba njia ya mkato haipo. "Tega."

"Aliingia mara mbili, hakutoka hata mara moja, na ndani hayumo."

"Jini."

"Siyo."

"Moshi."

"Moshi una kisigino? Nipe mji."

"Chukua Kenitra, na bahari yake, na mama mkwe wangu ndani yake."

"Nimekwenda Kenitra, nikala samaki, mama mkwe wako nikamkimbia, nikarudi. Jibu ni mtu mwenye adabu."

Akachora kwa bua ardhini. Akamwonyesha kisigino kilichozama, vidole vilivyozama, na ufa wa mundu ulio katika mistari yote miwili. Mtu ni mmoja. Mstari wa kwanza ameingia. Wa pili ametoka, lakini ametoka kinyumenyume, uso kwa Lalla, gizani, akiyumba, ilhali amebeba alichokuja kukichukua. Mgeni, hata angekuwa mwizi wa aina gani, angegeuka akatimua mbio. Aliyelelewa na mlima huu hawezi. Atasahau jina lake kabla hajasahau hilo. Hachagui, ni miguu yenyewe inayojiendea.

Jilali alizitazama picha zake kwa muda, akazigeuza chini juu. "Basi wanawake elfu mbili waliomo kwenye mahema wote ni washukiwa."

"Walikuwa elfu mbili mpaka nilipoliona fagio. Sisi wageni tukivuka kizingiti tunageuka, kama nilivyogeuka mimi sasa hivi. Bibi amefagia mpaka kwenye lango la mbuzi. Kwa nini afagie mbali hivyo? Kwa sababu nyayo hazikugeuka kizingitini. Zilikwenda kinyumenyume mpaka langoni, na kila mtu angeziona. Hebu twende tukaulize nani anatoka hivyo."

Lakini kwa wanawake ilikuwa afadhali aende peke yake, na alikwenda peke yake. Kwenye masufuria alipokewa kwa heshima na kwa midomo iliyofungwa. Alipouliza adabu ya kutoka kwa Lalla, walimjibu kwa ukunjufu, maana swali hilo lilionekana la dini. Wageni hugeuka kizingitini, ndiyo. Ila waliolelewa nyumbani kwa Lalla, waliofundishwa na walinzi wenyewe, wao hawageuki mpaka watoke nje ya lango. Alipouliza ni akina nani hao waliolelewa humo, kila mmoja akawa na kitunguu cha kumenya.

Yetto hakuuliza tena. Alivuta kigoda, akaomba kionjo cha kuskusi, akapewa. Ilikuwa imeshikana vidonge vidonge kama mvua ya mawe.

"Mwaka huu kuskusi imefikichwa na nani?" aliuliza.

"Na mimi," alisema mama mmoja mnene mwenye chale kidevuni, bila aibu. "Mkono wangu ni wa kukamua ng'ombe, nimewaambia, hawakunisikia."

"Na miaka yote hufikichwa na nani?"

Yule mama mnene akatazama sufuria, akatazama wenzake, mwishowe akashindwa na kuskusi yake mwenyewe. "Na Tuda," alisema. "Mpwa wake Bibi Ijja, wa Tamda kule chini mtoni. Mwaka huu hakukaa. Binti yake anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa kama tunavyoumwa sisi," mama alisema, akaweka mkono tumboni. Na hapo wenzake wakamkanyaga mguu, lakini walichelewa.

Jua lilikuwa limekaribia utosi. Haj Bassou alikuwa ameshawapanga watu wa ngoma mistari miwili barabarani, na dereva alikuwa ameligeuza gari la askari, kichwa chini, tayari kwa abiria. Yetto alipita katikati ya hayo yote akaenda kukaa chini kwenye mkeka wa Bibi Ijja, bega kwa bega, kama watu wanaongoja zamu ya maji.

"Binti wa Tuda ana uchungu tangu lini, bibi?"

Bibi Ijja hakutikisika. Ila mkono wake uliliacha fagio.

"Nani kakwambia?"

"Kuskusi."

Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua alisema kwa sauti iliyokuwa karibu zaidi na kuchoka kuliko kuogopa. Hada ana uchungu tangu juzi alasiri. Mtoto kakaa vibaya. Daraja la Tamda lilichukuliwa na maji ya mvua ile kubwa, gari la hospitali lilikuja mpaka ukingoni likageuka. Tuda akavuka kwa nyumbu, akapanda mlima kuja kuuomba mshipi. Alipiga magoti mbele ya hema la kamati, watu wanaona, akaambiwa, bila hata kuulizwa jina, kwamba gavana anakuja kuuangalia, arudi baada ya ziara.

"Basi ukampa wewe."

"Sikumpa. Niliapa mbele yake Lalla kwamba mkono wangu hautautoa. Nimelala."

"Macho wazi."

"Nilimsikia anaingia," Bibi Ijja alisema. "Miguu ile niliiosha mimi tangu ilipokuwa mifupi kama vijiko. Ningetoka chumbani, ningelazimika kumkataza au kumpa. Sikutoka. Nikamsikia anarudi nyuma, polepole, na udongo unamnasa. Nikasema moyoni, mjinga wewe, geuka ukimbie. Hakugeuka."

"Na asubuhi ukafagia."

"Za ndani ya kuba sikuziwahi. Haj alikuwa ameshaingia ukumbini."

Yetto akayapanga yote kichwani na hakubakiwa na tundu. Kama bibi angemtaja Tuda alfajiri, Haj na vijana wake wangekuwa Tamda kabla ya chai, wakiuvua mshipi kiunoni mwa msichana ili gavana aukute kwenye kioo. Kwa hiyo alikaa kimya akaacha aitwe mwizi. Alikuwa ananunua asubuhi moja, na bei yake ilikuwa nyumba yake.

"Niache hapa mpaka adhuhuri, mwanangu," Bibi Ijja alisema. "Halafu nipakie. Sitakusumbua. Mpaka hapo mtoto atakuwa ameshuka."

"Na asiposhuka?"

Bibi akaanza kujibandua udongo mikononi.

"Uchungu huu umezidi, bibi. Mshipi sitauvua, hilo nakuahidi. Lakini Hada anakwenda kwa daktari leo hii, na mshipi wake kiunoni."

"Na mto?"

"Gari langu limewahi kuuvuka likiwa na kondoo wa mkuu wa wilaya, wote wanapiga kelele. Litashindwa na binti mmoja?"

Alisimama, akajikung'uta vumbi, akamwita Jilali. Alimweleza kwa maneno machache, na kadiri alivyoeleza ndivyo kitambi cha Jilali kilivyorudi ndani. Akamwachia simu ya upepo moja na kazi moja: bibi asiguswe. Jilali akavuta gunia la shayiri, akaliweka mbele ya mkeka wa Bibi Ijja, akalikalia, miguu imeachana, kama lango jipya.

Haj Bassou alimwahi Yetto kwenye mlango wa gari. Alitaka kujua anakwenda wapi na bibi hajapakiwa, na ahadi ni ahadi. Yetto akamjibu kwamba anakwenda kuuona mshipi, na adhuhuri bado. Akamwomba dereva ashuke. Njia hiyo aliijua mwenyewe.

Alishuka kwa gia ya pili, mawe yakiruka pembeni. Penye daraja lililovunjika hakusimama. Aliteremka kwa upande wa mashamba ya walozi, akaingia majini mahali mto ulipotandaa, maji yakafika mlangoni, akatokea Tamda na bomba la moshi likikohoa.

Nyumba ya Tuda haikuhitaji kuulizwa. Ndiyo iliyokuwa na wanawake nje ya mlango. Tuda mwenyewe alitoka aliposikia gari, akajitandaza mlangoni, mikono imeshika miimo miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu, na miguu yake mpaka vifundoni ilikuwa na udongo mweupe uliokauka ukapasuka. Hakuwa amepata hata nafasi ya kunawa.

"Hutauvua," alisema.

"Sijaja kuuvua. Inua mguu wa kushoto."

Tuda akadhani hakusikia vizuri. Yetto akachuchumaa, akamshika kifundo kama mtu anayempigilia nyumbu chuma cha kwato, akakitazama kisigino. Ufa uliopinda kama mundu, na udongo ndani yake. Akakiachia.

"Umekamatwa, dada yangu. Nitaandika baadaye. Sasa ingia ndani ushike upande wa kichwa, mimi nashika miguu."

Hada alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, uso umekuwa wa kijivu, midomo imekauka, na mshipi mwekundu umezungushwa kiunoni ukafungwa fundo la juu, kama inavyopasa. Alikuwa na nguvu ya kushika tu. Aliushika mshipi kwa mikono yote miwili. Mkunga wa Tamda, ambaye tangu jana alikuwa amekwishasema kila alichokijua, alimwambia Yetto sikioni kwamba moyo wa mtoto bado unasikika, lakini asichelewe. Wakamwinua na blanketi lake, wakampitisha mlangoni, wakamlaza nyuma ya gari juu ya magodoro mawili. Tuda akapanda naye, akampakata kichwa.

Walikuwa wamefika ukingoni mwa mto, mahali pa kuvukia kwenda barabara ya hospitali, simu ya upepo ilipoanza kukwaruza. Kwanza sauti ya Jilali, akisema gavana amefika na yuko uani. Kisha mvutano, kisha sauti ya Haj Bassou, karibu mno na chombo, kama mtu anayekimeza.

"Sajini, adhuhuri imeadhiniwa. Gavana amesimama mbele ya sanduku tupu, watu wote wanatazama. Nijibu neno moja. Mshipi umepatikana au haukupatikana?"

Yetto aliyatazama maji yaliyokuwa mbele yake, ya kahawia, yamepanda kidogo tangu alipopita. Nyuma yake Hada aliguna kwa meno yaliyokazwa, na Tuda akamwambia shika, mama, shika hapohapo.

"Umepatikana, Haj. Haukuibiwa, na mlinzi hakuupoteza. Bibi abaki nyumbani kwake, na ufunguo wake abaki nao. Mwenye swali ataniuliza mimi, kituoni, nikirudi."

"Basi ulete upesi, gavana anangoja."

"Hauwezi kuja," Yetto alisema. "Uko kazini."

Jilali alikuwa amefungua sauti ya chombo mpaka mwisho, na ua mzima ulikuwa umesikia. Kisha kule juu mlimani, katikati ya masufuria, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akajibiwa na wa pili, na wa tatu, mpaka sauti ya Haj ikamezwa, na simu yenyewe ikawa haisemi kitu kingine.

Yetto akaiweka chini ikiwa hivyohivyo imewaka, akaingiza gia ya kwanza, na gari likaingia mtoni.